Kutofaulu kwa Kezilahabi

Kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba, pale Posta jijini Dar es Salaam, nilinunua nakala ya Kichwamaji ya Kezilahabi iliyopita mikono mingi. Jalada limeungwa kwa selotepu na pembezoni mwa kurasa kila aliyewahi kukimiliki kitabu ameacha kalamu yake. Mwenye wino wa bluu ameandika "dhamira: ukoloni mamboleo" kila baada ya kurasa tatu, hata pale ambapo watu wanapiga soga tu. Mwenye wino mwekundu alipenda tamathali za semi: kila alipoona neno "kama" alipiga mstari na kuandika "tashbiha". Ukifika mwisho, mhusika mkuu Kazimoto anapojiua, kalamu hizo mbili zimekutana kwenye pambizo moja. Ya bluu imeandika: KUKATA TAMAA. Nyekundu, chini yake, kwa mwandiko wa kidato cha tano: "Hapa mwandishi hajafaulu."

Sikucheka sana, maana maneno yale yangeweza kuwa yangu. Nilifundisha fasihi kidato cha tano na cha sita kwa miaka kadhaa, na kila nilipomaliza kitabu nilikuwa nagawa ubao nusu kwa nusu: kushoto "kufaulu kwa mwandishi", kulia "kutofaulu kwa mwandishi". Nilifanya kazi ya karani wa chama cha ushirika kule Usukumani: pamba safi huku, pamba fifi kule, ongeza gunia kwenye mizani. Upande wa kulia, kwa Kezilahabi, ulikuwa haukosi sentensi ile: mwandishi anakatisha tamaa, hatoi suluhisho. Wanafunzi walinakili. Mtihani ulipokuja waliirudisha kama walivyoipokea, na mimi nikawapa alama.

Euphrase Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020. Tangu hapo sentensi ya ubaoni imevaa suti na kupanda jukwaani. Kila anapokumbukwa, hukumu huwa ni ileile, na wanaoitoa si wajinga. Wengine wamenifundisha mimi. Wanasema hivi. Kezilahabi alikuwa gwiji, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa mtu wa kukata tamaa. Falsafa yake aliiazima Ulaya, haikuota kwenye udongo wetu. Alianza na uchafu na akamaliza na mafumbo, na kwa mafumbo hayo alimtupa msomaji wa kawaida, riwaya ya Kiswahili ikabaki yatima.

Wana ushahidi, na niuweke mezani kabla sijaanza kugombana nao. Rosa Mistika, 1971: mhusika mkuu anajiua. Kichwamaji, 1974: anajiua. Dunia Uwanja wa Fujo, 1975: Tumaini, mwenye jina hilo hilo, anahukumiwa kunyongwa. Msomaji ana haki ya kuuliza kama nyumba hii ina mlango mwingine. Halafu Nagona, 1990, na Mzingile, 1991: hamna kijiji utakachokionyesha kwenye ramani, wala kisa utakachomsimulia jirani yako kwenye daladala akakuelewa kabla ya kushuka. Haya yote ni kweli. Kinachonikera ni yale yanayojengwa juu yake.

Kwanza: kukata tamaa

Tuulize sharti hili la matumaini lilitoka wapi. Halikutoka kwa wasomaji. Liliingia baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati mwandishi alipohesabiwa kuwa mmoja wa watendaji wa chama, mwenye wajibu wa kuonyesha njia. Riwaya ikatakiwa iwe na tatizo, matabaka, mapambano na suluhisho, kwa mpangilio huo. Kijana apotee mjini, ateseke, ajute, arudi kijijini kulima. Mpangilio mzuri. Ungeweza kuupeleka Hazina wakaupangia bajeti.

Mwandishi aliyekuwa na suluhisho la kweli angeajiriwa wizarani. Lakini tukubali kwa dakika mbili kwamba kazi ya riwaya ni kutoa suluhisho, kisha tukague hesabu. Tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi kwenye vijiji sasa ni amri, na watu wapewe hadi mwisho wa 1976. Mwaka 1979 Kezilahabi akatoa Gamba la Nyoka, riwaya ya uhamiaji huohuo, yenye wasomi wawili vijana, Mambosasa na Mamboleo, na wanakijiji wanaotakiwa kufurahi kwa amri. Mwaka 1991 kikatoka Mzingile. Mwaka huohuo likatoka Azimio la Zanzibar, lililoyalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha: kiongozi ruksa kuwa na hisa, ruksa kuwa na nyumba ya kupangisha. Suluhisho lenyewe lilijiuzulu. Na bado mtahini anamkata Kezilahabi alama kwa kutoliamini.

Jambo la pili ni dogo zaidi, nalo ndilo linaloniuma. Anayesema Kazimoto "anakata tamaa" amemsamehe Kazimoto bila kumsoma. Huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye dada yake, Rukia, amepewa mimba na rafiki yake Manase na kufa. Afanye nini? Anapanga kulipiza kisasi kupitia kwa dada yake Manase, Sabina. Kisha mipango inamgeukia, anamwoa. Ugonjwa wa zinaa unatembea kutoka nyumba hadi nyumba, watoto wanazaliwa na vichwa vikubwa vilivyojaa maji. Kabla ya kuitwa aliyekata tamaa, Kazimoto ni mtu katili, mjanja, mwenye elimu iliyompa maneno ya kuuelezea ukatili wake lakini haikumpa sababu ya kuuacha. Hilo ni shtaka dhidi ya msomi wa Kitanzania, na limeandikwa na msomi wa Kitanzania. Sisi wasomi tuliokisoma kitabu tukaona afadhali kesi ibadilishwe: mshtakiwa hatuhusu, huyo ana huzuni tu, tena ya kiulaya.

Gharama ya sharti hili inalipwa na wengine. Niliwahi kuombwa kusoma miswada ya shindano moja la uandishi. Muswada mmoja, binti anabakwa sura ya tatu, anafukuzwa nyumbani sura ya nne, anaugua sura ya saba. Sura ya kumi na mbili anahudhuria semina ya ujasiriamali na kupata mkopo. Mwandishi ana kipaji. Sura ya nne ilinifanya niweke karatasi chini nikatembee uani. Sura ya kumi na mbili aliiandika akiwa na mtahini begani.

Pili: aliiazima Ulaya

Hoja hii ina wenyewe, na wenyewe walikuwa wakiitoa huku wamekamata kitabu cha Karl Marx, mzaliwa wa Trier, Ujerumani. Kwa miaka mingi uhakiki wetu ulipima riwaya za Kiswahili kwa mabepari, makabaila na walalahoi, ukiwatafuta hata kwenye hadithi za sungura, na hakuna aliyeudai ushuru wa forodha. Kezilahabi alipouliza kama maisha yana maana, ndipo afisa forodha akaamka.

Riwaya yenyewe ni mali ya kuingia, na herufi za Kirumi vilevile. Tulizipokea zote bila kuhangaika kutafuta cheti cha kuzaliwa. Kinachonishangaza ni dhana kwamba mtu aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, hakuwa na pa kulipata swali la kifo na maana isipokuwa kwenye rafu ya Wafaransa. Ziwa linameza wavuvi kila mwaka. Kijana anapelekwa seminari ya Nyegezi, anafundishwa kuhesabu dhambi zake kabla hajazitenda. Anarudi likizo, anakuta kijijini watu wana maelezo mengine kabisa kuhusu kwa nini mtoto wa jirani amekufa. Huyo unataka umwambie kwamba shaka ni bidhaa?

Tena kisiwa chenyewe kina ushahidi. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na mkewe Bugonoka: wanandoa wasiojaliwa mtoto, na wakwe wanaomchukua binti yao kwa kutukaniwa utasa. Hakupata mchapishaji. Ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, naye akafariki 1981. Katika kitabu hicho kirefu, mwili, uzazi, maradhi na mauti vinachunguzwa kwa subira ambayo mhakiki wa "kuazima" angeiita ya kigeni kama asingeambiwa mwandishi ni nani. Ongeza Gabriel Ruhumbika wa Miradi Bubu ya Wazalendo, naye wa Ukerewe, naye hana suluhisho la mfukoni. Waandishi watatu kwenye kisiwa kimoja. Labda tuwaulize Wakerewe kabla ya kuwauliza Wafaransa.

Sisemi hakuwasoma Wazungu. Aliwasoma, hakuficha, na baadhi yao amewaingiza Nagona na kuwasemesha. Tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Wisconsin, 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi: alikuwa anagombana nao kwenye ukumbi wao. Tofauti ya kuazima na kugombana tunaijua kwenye madeni ya dukani. Sielewi kwa nini inatushinda kwenye vitabu.

Tatu: uchafu

Hili nilipite haraka, maana wanaolisema siku hizi wanalisema kwa kunong'ona. Jina Rosa Mistika limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, "Waridi lenye fumbo", na Kezilahabi alimpa binti ambaye baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha anashangaa binti huyohuyo, baada ya kufika mbali na fimbo, hajui kujilinda. Kitabu kikazuiwa mashuleni. Baadaye kikawekwa kwenye mitaala na kutungiwa maswali, bila mtu kueleza uchafu ulisafishwa na nani. Novemba 2021, miaka hamsini baada ya kitabu kutoka, ndipo serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni. Tangu kiruhusiwe hadi hapo tulimfundisha Rosa darasani na kumfukuza langoni.

Lakini kama mnatafuta kosa la Kezilahabi, nitawapa mimi, bila malipo, na halimo kwenye desa lolote la mtihani nililowahi kuliona. Tazameni nani anayelipa. Rosa anakufa, na bado riwaya inamzungusha kwenye swali la ni nani mwenye dhambi zaidi, yeye au baba. Rukia anakufa ili Kazimoto apate kisa cha kulipiza. Sabina anaingia kwenye hadithi kama silaha inayolengwa kwa kaka yake. Wanaume wa Kezilahabi wanapewa maswali. Wanawake wanapewa mimba. Mwandishi aliyekuwa mkali kuliko wote kwa jamii yake hakuwahi kuwakalisha wanawake wake chini wafikiri kwa kurasa kumi mfululizo kama alivyomkalisha Kazimoto. Hapo ningeketi naye usiku kucha. Maswali ya mtihani niliyoyaona yanauliza "nafasi ya mwanamke", mwanafunzi anajibu kwa orodha: mama mlezi, malaya, mvumilivu, chombo cha starehe. Alama nne kati ya nne. Mjadala wenyewe haujaanza, na mtihani umeshafungwa.

Nne: mafumbo yaliyofukuza wasomaji

Hoja hii ndiyo inayopendwa zaidi, na inabeba mawe mawili yasiyokaa kwenye kikapu kimoja. Wanasema Nagona na Mzingile hazikusomwa na mtu. Wanasema pia Nagona na Mzingile ziliwafukuza wasomaji. Sasa kitabu ambacho hakikusomwa kilimfukuza nani?

Wasomaji walikuwepo, tena wengi. Mwaka 1974, mwaka wa Kichwamaji, Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akaanza kukimbizana na majasusi mikononi mwa watu ambao hawakuwa na mtihani wowote wa kufanya. Vitabu vile vilisomwa hadi vikapoteza majalada. Kilichowamaliza wasomaji hao si vijitabu viwili ambavyo kila kimoja hakifiki kurasa mia. Karatasi ziliadimika, mashirika ya uchapishaji ya umma yakayumba, maduka ya vitabu mikoani yakageuka maduka ya sare na madaftari, na wachapishaji waliosalia wakajua mteja ni mmoja tu: orodha ya vitabu vya kiada. Kisha likaja desa, karatasi kumi na mbili za kutoa kopi zenye fani na maudhui ya riwaya nzima, bei yake chini ya nauli ya kwenda kukitafuta kitabu chenyewe. Mwanafunzi mwerevu akapiga hesabu. Kumlaumu kwa hilo siwezi. Nimeshasema nilikuwa nampa alama.

Halafu hilo la ugumu. Nagona imeandikwa kwa sentensi fupi. Kiswahili chake ni cha kila siku. Aliyemaliza darasa la saba hatahitaji kamusi zaidi ya mara chache. Nilishaimaliza kwenye basi kati ya Ubungo na Kibaha, siku ya foleni. Kigumu ni kwamba haikuambii mwisho wake wewe ufikiri nini, na tumewazoesha watu kwamba kitabu kisicho na "ujumbe" unaogawanyika vipande vitano ni kitabu kibovu. Watu walewale jioni wanakwenda kwenye taarabu, wanasikia mafumbo ya mwimbaji yanayomlenga mtu aliyekaa meza ya tatu, wanayafumbua papo hapo na kuinuka kwenda kutunza. Bibi yangu alikuwa anapigana na jirani yake kwa kanga tu, mwaka mzima, bila neno moja kutamkwa, na mtaa mzima ulijua nani amefunga goli. Taifa hili haliwezi kushindwa na mafumbo. Limeambiwa mafumbo yaachwe mlangoni linapoingia darasani.

Na huyo yatima? Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka. Mwaka 2002, Nairobi, Kyallo Wadi Wamitila alitoa Bina-Adamu! Zote zinapita njia ambayo Nagona iliifyeka kabla yao. Anayelia yatima anapaswa kwanza kuhesabu watoto.

Tano: gwiji

Nimeliacha mwisho hili wanalolisema kwa nia njema. Kwenye hafla moja ya kuwakumbuka waandishi, ukumbi una viyoyozi na maji ya chupa, msemaji alimsifu marehemu kwa dakika ishirini: gwiji, jabali, mbuyu ulioanguka. Akamalizia kwa kututaka vijana tuige mfano wa mwandishi wa "Kasri ya Mwinyi Fuad". Ukumbi ukapiga makofi. Kasri ile ni ya Shafi Adam Shafi, ambaye siku hiyo hakuwa akikumbukwa. Pembeni yangu mama mmoja aliinama akaninong'oneza, "Mwanangu, si huyo alikuwa Mpemba?" Nikamwambia si yeye, na kitabu si chake. Akasema, "Basi tumemzika na kitabu cha mwenzie."

Ugwiji unafanya kazi hiyo hiyo ya desa: unakuondolea haja ya kufungua ukurasa. Kezilahabi mwenyewe aliujua mtego huu na hakuingia. Mwaka 1976, Shaaban Robert akiwa ameshafanywa mtakatifu miaka kumi na minne baada ya kufa, tasnifu ya uzamili ya kijana huyu wa Ukerewe ilimchukua Shaaban kama mwandishi wa riwaya, na kumchunguza kama unavyomchunguza mtu anayefanya kazi moja na wewe. Mwandishi wa Kichwamaji hakuweza kuridhika na wahusika wa Shaaban walioitwa Utubora na Karama, ambao majina yao yalishamaliza kazi kabla ya sura ya kwanza. Alimheshimu Shaaban kwa kumpinga, naye tumemlipa kwa makofi. Alifundisha Botswana kuanzia 1995 na kuendelea, akawa mgeni wetu wa heshima. Sasa Rosa Mistika imetafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa Marekani na Yale, mwaka 2025. Wasomaji wapya wataikuta bila dhamira zilizopigiwa mstari. Nawaonea wivu.

Wiki iliyopita nilirudi pale Posta. Nilitaka Nagona ya pili, maana ya kwanza niliiazimisha na mwazimaji amehama mji. Muuza vitabu aliniangalia, akaangalia rundo, akarudi kuniangalia.

"Nagona? Hiyo haimo kwenye mtihani, mwalimu, siiweki." Akainama chini ya meza akaibuka na karatasi zilizobanwa kwa pini. "Ila uchambuzi wa Watoto wa Mama N'tilie upo. Umekamilika, na kutofaulu kwake humohumo."